Homa yangu haikuwa taifodi, ilikuwa ya kupe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo nimelibeba toka mwezi wa saba, kila nikikutana na mtu anaumwa homa nalisimulia upya mpaka mke wangu kanambia baba Neema si uandike tu gazetini wasome wote. Mimi ni muongoza watalii, naishi Moshi, mlima nimeuanza nikiwa mgumu (ndo tunavyoitana wapagazi) na sasa naongoza wageni. Mgeni akifika huwa simpeleki mlimani siku hiyo hiyo, namtembeza kwanza sehemu za chini anyooshe miguu baada ya kukaa kwenye ndege, na sehemu ninayoipenda mimi ni msitu wa Rau.

Anayeujua Rau anajua ninachosema. Unatoka mjini na bodaboda mda mfupi tu, jua umeliacha barabarani, ukiingia ndani unakuta ubaridi wa maji maana ule msitu unakunywa chemchemi za chini kwa chini, mbega wanaruka juu na mikia yao meupe, na kuna ule mvule mkubwa ambao kila mgeni lazima apigwe picha chini yake. Ukitokeza upande wa pili ni mashamba ya mpunga. Siku hiyo nilikuwa na mzee mmoja Mholanzi, mstaafu, mtu mpole sana, tukatembea kama masaa matatu, tukafika pembeni ya mashamba pale ng'ombe wanapopita kwenda kunywa maji, tukakaa kwenye majani tukala ndizi na karanga. Wote tulivaa kaptura. Nasema hilo la kaptura kwa sababu lina maana huko mbele.

Jioni nikiwa naoga nikahisi kitu nyuma ya goti. Kidogo sana, kama mbegu ya ufuta, nikadhani ni uchafu wa msituni nikakwangua na kucha hakikutoka, nikainama vizuri kwenye mwanga nikaona kina miguu. Kupe. Mimi nimekulia nyumba yenye ng'ombe wawili, kupe kwangu sio kitu cha kutisha, nikamvuta kwa vidole kwa hasira akang'oka, nikamweka kwenye ukucha wa dole gumba nikambinya akapasuka, nikanawa maji nikasahau. Kesho yake nikamkuta mwingine kiunoni pale mkanda unapokaa, naye nikamfanya hivo hivo. Mzee wangu akapanda mlima salama na akashuka salama na wenzangu wengine, maana mimi safari hiyo sikupanda, nilikuwa na msiba wa jirani.

Siku ya saba homa ikanishika. Sio homa ya mafua, hapana, hii ilianza na kichwa kugonga nyuma ya macho, shingo ikakaza, misuli ya mapaja inauma kama mtu aliyeshuka kutoka kileleni kwa siku moja, na usiku natetemeka mke wangu ananifunika mablanketi mawili. Asubuhi nikaenda zahanati moja hapa mjini, siitaji jina na wala sina ugomvi nao, walinipokea vizuri. Wakanitoboa kidole, malaria hakuna. Wakachukua mkojo na damu, nikaambiwa UTI ipo kidogo na taifodi ipo. Kila Mtanzania anaijua hiyo njia, malaria ikikosekana basi ni UTI, UTI isipotosha basi ni taifodi, na ukishaambiwa taifodi umepata jina la ugonjwa unaridhika. Nikawekwa kanula mkononi nikaanza kuchomwa sindano za antibayotiki asubuhi na jioni, zilipangwa za siku tano, na dripu mbili juu yake. Jumla ilinitoka shilingi 70,000 na zaidi, na siku hizo zote siingii kazini, kwa kazi yetu usipotembea hulipwi.

Siku ya tatu ya sindano hali ni ile ile. Mtoki ukavimba kwenye kinena upande wa kulia, ukigusa unauma mpaka natembea nachechemea, nikamwambia nesi sista mbona na mtoki huu, akanambia kaka hayo ni maambukizi tu yatashuka na dawa. Mhariri, katika siku zote hizo nilionana na watu wanne wa afya na hakuna hata mmoja aliyenambia pandisha suruali tuone huo mguu. Na mimi pia sikusema habari ya kupe, kwa sababu hata haikunijia akilini kwamba kupe wa juma lililopita ana uhusiano na homa ya leo.

Sasa sikiliza jinsi nilivyojua. Siku ya nne jioni nimelala, simu ikalia, meseji ya wasapu kutoka Uholanzi. Yule mzee amerudi kwao. Kanitumia picha ya muundi wake, una kidonda kimoja katikati cheusi kabisa, kimezungukwa na wekundu, na chini kaandika: wewe mzima? Angalia miguu yako. Akaeleza kwamba alipata homa siku mbili baada ya kufika nyumbani, akaenda kwa daktari wake, daktari akamuuliza maswali mawili tu, umetoka wapi na huko ulitembea wapi, akasema Tanzania, msituni na kwenye majani wanapopita ng'ombe, basi daktari akamwambia vua nguo nikuangalie, alipoona kile cheusi akasema hii ni homa ya kupe ya Afrika, akamwandikia vidonge.

Mke wangu akawasha tochi ya simu nikalala kifudifudi. Nyuma ya goti, pale pale nilipombinya yule kupe, kulikuwa na kigaga cheusi saizi ya kifungo cha shati, kikavu, pembeni kuna kama kivuli, na kingine kiunoni chini ya mkanda. Haviumi hata kidogo. Ndo maana sikuviona, kidonda kisichouma mtu hakitafuti. Alivigusa kwa kidole kimoja kimoja akaniuliza hivi viko hapa tangu lini, sikuwa na jibu.

Kesho yake nikaenda hospitali nyingine nikamwonyesha dokta, binti mdogo tu, nikamwonyesha na ile picha ya mzee. Akaangalia goti, akashika mtoki, akaandika doksisaiklini, kidonge asubuhi na kidonge jioni kwa siku saba. Bei yake haikufika hata hela ya chipsi mayai. Siku ya pili homa ikakata, siku ya tatu nikala ugali nikamaliza. Alinieleza vizuri sana yule binti na namshukuru mpaka leo, akanambia huyu mdudu anaitwa riketsia, kazi yake anajificha ndani ya seli za mwili zile zinazotandika mishipa ya damu, sasa zile sindano nilizochomwa hazimgusi mle ndani alikojificha, hata ningechomwa mwezi mzima. Akanambia pia kwamba kupe wanaobeba hii huku kwetu mara nyingi ni wale wakubwa wa rangi rangi tunaowaona kwenye ng'ombe, wenye mgongo kama umechorwa na miguu yenye mistari, na kwamba hata watoto wao wadogo kama ufuta wanaambukiza. Na hawa hawangoji juu ya jani mpaka upite uwaguse, wakikusikia umekaa wanatembea kukufuata, ndo maana mtu anaumwa sehemu mbili tatu kwa mara moja. Mimi na mzee tulikaa pale tunakula ndizi karibu nusu saa.

Kilichoniuma sio hela. Kilichoniuma ni hiki: tumeumwa na kupe wa sehemu moja siku moja, mimi na mgeni wangu, yeye kapanda ndege kaenda nchi ambayo huyo kupe wala hayupo akatibiwa siku ya kwanza, mimi niliyebaki hapa penye kupe mwenyewe nimetibiwa taifodi siku nne. Madaktari wa Ulaya huu ugonjwa wanaujua kwa sababu ni moja ya homa kubwa wanazorudi nazo wageni wa safari kutoka Afrika, kwao umeandikwa kwenye vitabu vya wasafiri. Sasa jiulize huyo mgeni kaupata wapi? Kaupata kwenye majani yetu, ambayo sisi tunakaa mwaka mzima, wachungaji, wakata majani, wavuna asali, walinzi wa misitu, watoto wanaotafuta kuni, sisi waongoza watalii. Haiwezekani akawa anaumwa mgeni wa wiki mbili halafu mwenyeji haumwi. Mwenyeji anaumwa, ila anaandikiwa jina lingine.

Na hili silisemi kwa hisia tu. Kuna utafiti ulifanyika hapa hapa Moshi, hospitali za KCMC na Mawenzi, kuanzia 2007 mpaka 2008, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kali. Kati yao 528 madaktari waliwaandikia kwamba ni malaria. Vipimo vya uhakika vilipofanyika, wenye malaria kweli walikuwa 14. Rudia kusoma hapo, 14. Na kati ya waliopimwa riketsia za jamii hii ya kupe, karibu asilimia 8 walikuwa nazo, ukiacha homa zingine zinazotoka kwa mifugo na wanyama kama brusela na leptospira. Utafiti ulichapishwa mwaka 2013. Yaani majibu yapo, yalitoka kwenye damu yetu wenyewe watu wa Kilimanjaro, ila mimi mkazi wa Moshi nimeyajua baada ya kuumwa na kuanza kuulizia.

Naelewa ugumu wa zahanati. Kipimo cha riketsia hakipo pale dirishani kama cha malaria, ni cha maabara kubwa na majibu yanachelewa. Lakini yule daktari wa Uholanzi hakungoja kipimo ndo aanze dawa, na yule binti wa hapa hakungoja. Walitumia mdomo na macho. Kuuliza mtu wiki mbili hizi ulikuwa wapi hakuna gharama, na kumwambia avue tuangalie ngozi hakuna gharama, kinahitajika kijichumba chenye pazia na dakika tatu. Kigaga cheusi, mtoki upande ule ule, homa na kichwa kuuma, na mtu katoka porini au machungani, hapo mtaalamu ana sababu kabisa ya kufikiria kupe kabla hajaandika taifodi.

Mke wangu kwao ni Mvumi, Dodoma, na nilipompigia mama mkwe kumsimulia alishangaa sisi watu wa Kilimanjaro tunavyoshangaa. Akanambia baba, sisi huku tumezikana kwa hiyo kitu. Ila ya kwao ni nyingine, ni ya papasi, na naomba nilieleze kidogo maana watu wengi wanachanganya kupe na papasi. Kupe anakung'ang'ania siku kadhaa, utamkuta. Papasi hakai mwilini, anaishi ndani ya nyumba kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kuta za tembe, usiku ukilala anatoka ananyonya kama nusu saa anarudi kwenye ufa wake, asubuhi unaamka hujui hata kama uliumwa. Homa yake inakuja siku chache inaondoka, unashukuru Mungu umepona, baada ya wiki moja inarudi tena, inaondoka, inarudi. Kwa mama mjamzito na mtoto mchanga inaua. Huko Mvumi walishawahi kupuliza dawa kwenye nyumba na homa ikapungua kwa watoto wa chini ya miaka mitano, mama mkwe anasema sakafu ikisakafiwa kwa saruji na vitanda vikainuliwa usingizi unakuwa wa amani.

Ugonjwa huo wa papasi unajulikana miaka zaidi ya 100. Daktari Joseph Everett Dutton aliuchunguza akiwa Kongo, ukamshika na yeye, akafia Kasongo mwaka 1905, na bakteria wake mpaka leo anaitwa kwa jina lake. Kuna jambo moja hapa linanisumbua sana. Zamani ukienda na homa damu inapakwa kwenye kioo, fundi wa maabara anaangalia na hadubini, na akiwa anatafuta malaria macho yake yanaweza kumkuta huyu mdudu wa papasi amejinyonga kama uzi. Siku hizi sehemu nyingi ni kile kipimo cha haraka cha kidole, ni kizuri na kimeokoa watu, sikipingi, lakini chenyewe kinajibu swali moja tu, malaria ipo au haipo. Kikisema haipo, hakisemi kuna nini. Kwa mikoa yenye papasi naomba wizara isiache hadubini zikae kabatini.

Mpwa wangu yeye alipoona goti langu alikimbilia intaneti, akarudi ananitisha na ugonjwa wa Lyme, ule wa Marekani ulioanzia kujulikana kwenye mji wa Lyme, Connecticut, miaka ya 1970, wenye alama ya duara kama shabaha. Alikuwa anatafuta duara kwenye mguu wangu, halioni, akasema basi mjomba sio kupe. Nikamwambia mwanangu huo ni wa kupe wa kwao, wetu ana alama yake, ni kigaga cheusi. Ndo shida ya kutafuta ugonjwa wa nyumbani kwenye maandishi ya watu wa mbali, na ndo sababu nimeandika kwa Kiswahili.

La kumtoa kupe nalo niliseme maana nililikosea mimi mwenyewe. Nyumbani tulizoea kummwagia mafuta ya taa, wengine wanampaka vaselini, wengine wanamchoma na sigara eti aachie mwenyewe. Yule binti dokta alikataa yote hayo, anasema kupe akisumbuliwa hivo anaweza kutapika mate yake ndani yako zaidi. Chukua kibano, hata kile cha kina mama cha nyusi, mshike karibu kabisa na ngozi usimshike tumbo, vuta juu taratibu bila kuzungusha mpaka aachie, osha na sabuni na maji, na usimpasue kwa ukucha kama nilivyofanya mimi maana vile vinavyotoka tumboni mwake vinaweza kuingia kwenye mchubuko. Halafu andika tarehe, hata kwenye simu. Ukiumwa homa ndani ya wiki mbili nenda na ile tarehe, sema mwenyewe bila kuulizwa dokta niliumwa na kupe siku fulani. Usiende dukani kujinunulia doksisaiklini kwa sababu umesoma barua yangu, mwache mtaalamu aamue, na kama ni mjamzito sema hilo mapema.

Siku hizi mimi navaa suruali ndefu na kuichomeka ndani ya soksi, wageni nawaambia wafanye hivo hivo na wanafanya bila ubishi. Tukipumzika hatukai kwenye majani wanapopita ng'ombe, nabeba kipande cha turubai. Nikirudi nyumbani kabla ya kuoga mke wangu ananikagua nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, kwenye mkanda, na watoto wakitoka kukata majani ya ng'ombe anawaangalia mpaka nyuma ya masikio na kwenye nywele. Na wale ng'ombe wetu tumeanza kuwapeleka josho kwa ratiba, zamani tulikuwa tunapeleka tukikumbuka au tukisikia ndigana (homa ya ng'ombe inayoletwa na kupe) imeingia kwa jirani. Ng'ombe akiwa na homa mwenye ng'ombe anajua kabisa ni kupe, anampigia bwana mifugo siku hiyo hiyo. Mimi mwenyewe ningekuwa ng'ombe baba yangu angejua nina nini kabla ya saa nne asubuhi.

Ninachoomba ni vitu viwili tu. Kwanza wizara na mganga mkuu wa mkoa wetu waweke kwenye kila zahanati ya maeneo ya misitu, mbuga na mifugo picha moja kubwa ya rangi ya hicho kigaga cheusi kwenye ngozi nyeusi kama zetu, maana picha nilizoonyeshwa zote ni za wazungu na kwenye ngozi yangu ule wekundu hauonekani hivo, unaonekana kama kivuli. Iwekwe pale anapokaa mgonjwa na pale anapokaa dokta. Pili wewe Mhariri, kwenye ukurasa wenu wa afya nimesoma habari nyingi za kisukari na presha, ni nzuri, ila za kupe sijawahi kuziona humo. Kama una mwandishi wa afya mtume Moshi, nitampeleka Rau mwenyewe bila malipo, nitamwonyesha pale tulipokaa na yale majani, tutakokota kitambaa cheupe juu yake kama mita kumi tu halafu akigeuze aangalie kilichoshika. Aje na suruali ndefu.

Msomaji wenu,
Muongoza watalii, Moshi